Kabla ya Dripu ya Kwanza: Maandalizi ya Tibakemikali Baada ya Kutolewa Titi

Safu hii haikutokea kwa wiki tano na baadhi yenu mmeuliza kulikoni. Nilikuwa Kware, upande wa Kitengela, Kaunti ya Kajiado, kwa mdogo wangu aliyeolewa huko. (Kware ziko kadhaa: Ongata Rongai iko nyingine, na Embakasi iko nyingine. Ni neno la Kiingereza la machimbo ya mawe lililovikwa kanzu ya Kiswahili.) Mdogo wangu ameniruhusu niandike haya kwa sharti nisitaje jina lake.

Alikuwa ametolewa titi la kulia pamoja na tezi za kwapani. Nilishuka treni Athi River nikiamini kwamba naenda kuuguza kidonda. Kidonda nilikikuta kimefunga vizuri, mpira wa kutoa maji umeshaondolewa, na mwenyewe amesharudi jikoni anakanda unga wa mahamri ya kuuza asubuhi. Alhamdulillah. Lakini mwezi ulikuwa umeshapita tangu upasuaji, na barua ya kumwelekeza kwa daktari wa saratani ilikuwa kabatini, chini ya leso, haijapelekwa popote. Nilipomuuliza alinijibu kwa sauti ya chini: "Dada, si walisema wametoa yote? Sasa nitiwe sumu ya nini?"

Mimi si daktari. Ninayoandika hapa nimeyapata kwa kuuliza madaktari na wauguzi, kwa kusoma, na kwa kukaa naye. Nayaandika kwa sababu saratani ya matiti ndiyo inayowapata Wakenya wengi zaidi kuliko saratani nyingine yoyote. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022 yalikuwa zaidi ya wagonjwa wapya 7,000 nchini kwa mwaka mmoja. Na wengi huambiwa habari za upasuaji kwa kirefu, kisha wakaachwa wajitafutie njia ya kufika kwenye dripu.

Kwa nini dawa ikiwa titi limeshatoka

Daktari wa upasuaji hutoa kile anachokiona na kukishika. Chembe chache za saratani zaweza kuwa zimeshapita kwenye damu au kwenye mishipa ya kwapani kabla hajashika kisu, na hizo hazionekani kwa macho wala kwa picha. Huweza kukaa kimya miezi au miaka, kisha zikaibuka kwenye mfupa, ini, mapafu au ubongo. Tibakemikali, ambayo wengi twaiita kemo, hupita mwilini mzima ikizifuata huko huko.

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 1976 daktari Gianni Bonadonna wa Milan, Italia, alichapisha matokeo ya wanawake waliotolewa titi huku saratani ikiwa imeshafika kwenye tezi za kwapani. Wanawake 179 walipata upasuaji peke yake, na 207 wakaongezewa mchanganyiko wa dawa tatu. Katika hesabu hiyo ya mwanzo, ugonjwa ulikuwa umerudi kwa asilimia 24 ya kundi la kwanza, na kwa asilimia 5.3 ya kundi la pili. Dawa zimebadilika sana tangu hapo, lakini sababu ya kuzitoa ni ile ile.

Si kila aliyetolewa titi huhitaji kemo. Wako ambao uvimbe wao ni mdogo, tezi zao ni safi, na vidonge vya kuzuia homoni vyawatosha. Wako waliopewa kemo kabla ya kupasuliwa. Mwenye kuamua ni daktari wa saratani akiwa na ripoti mbele yake, si jirani ambaye shangazi yake aliwahi kuugua.

Na kuna suala la muda. Kwa kawaida dripu ya kwanza huanza kidonda kikishapona, wiki nne hadi nane hivi baada ya upasuaji. Utafiti uliofanywa California, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2016 uliangalia wanawake 24,843. Walioanza siku 91 au zaidi baada ya upasuaji walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kuliko walioanza mapema, na hatari hiyo ilizidi kwa wale ambao uvimbe wao hauna kipokezi chochote kati ya vile vitatu nitakavyovieleza. Usiku ule shemeji yangu alishusha kalenda ukutani tukahesabu. Ilikuwa siku ya 31. Mdogo wangu alinyamaza, kisha akaenda kuitoa ile barua chini ya leso.

Karatasi kwanza

Ripoti ya maabara iliyochunguza nyama iliyotolewa ndiyo ramani ya matibabu yote. Isome, hata kama hujui kila neno. Lazima ionyeshe ukubwa wa uvimbe, kama kingo zake zilikuwa safi, tezi ngapi zilitolewa na ngapi kati yake zilikuwa na saratani. Halafu vile vipokezi vitatu: vya estrojeni, vya projesteroni, na protini iitwayo HER2. Hivyo vitatu ndivyo vinavyoamua dawa. Mwenye vipokezi vya homoni huendelea na vidonge miaka mitano au zaidi baada ya dripu. Mwenye HER2 huongezewa trastuzumab, inayojulikana zaidi kwa jina la Herceptin, kwa kawaida mwaka mzima.

Hospitali aliyopasuliwa mdogo wangu, ambayo sitaitaja, ilitoa ripoti isiyo na vipimo hivyo vitatu. Imeandikwa tu kwamba ni saratani na imetolewa. Hapo ndipo wengi hukwama, wakidhani lazima wakatwe tena. Si hivyo. Kipande cha nyama huhifadhiwa ndani ya nta, hukaa miaka, na mgonjwa ana haki ya kukiomba akipeleke kwenye maabara nyingine. Tulikiomba Jumatatu, tukaambiwa mwenye ufunguo yuko likizo, tukarudi Alhamisi. Matokeo yalichukua siku kumi. Laiti barua isingelala kabatini, siku hizo zingeshapita akiwa bado anauguza kidonda.

Kwa hivyo, ndugu yangu, kabla hujatoka hospitali ya upasuaji uliza: vipimo vya vipokezi vimeagizwa? Vitatoka lini? Nani atanipigia?

Faili ijae pia ripoti ya upasuaji wenyewe, picha ulizopigwa, orodha ya dawa unazokunywa za presha au sukari, na kitambulisho. Kila karatasi tuliitoa nakala mbili na kuipiga picha kwa simu. Kutoka Kitengela hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, au ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa, ni safari ya kuamka alfajiri, na kurudishwa kwa ajili ya karatasi moja ni siku nzima iliyopotea. Ndugu wa huku kwetu wajue kwamba Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, ina kituo cha saratani kinachotoa kemo. Si lazima kila mtu apande basi la Nairobi.

Fedha

Tangu 1 Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, gharama za saratani huanzia kwenye mfuko wake wa bima. Mfuko ulipoanza, uliweka Sh400,000 kwa familia kwa mwaka, na zikiisha, Sh150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Viwango hurekebishwa, kwa hivyo uliza dirishani kiwango cha siku hiyo. Liangalie hilo neno "familia": mume akilazwa kwa saratani mwaka huo huo, mwagawana kiasi kile kile.

Mwenye kazi ya kujitegemea hulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo, na hapo ndipo muuza mahamri hukwama. Kuna mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole wa kulipa kwa awamu. Kujisajili ni kwa *147#. Fanya hayo mapema, maana kila dripu huombewa idhini kwanza, na idhini haipatikani kama mchango haujakamilika. Kwa wenye HER2, mwaka 2025 Wizara ya Afya, SHA na kampuni ya Roche walikubaliana bei ya dozi moja ya Herceptin ishuke kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000, na hizo zilizobaki zilipwe na SHA.

Ambayo hayalipwi na SHA ni nauli, chakula, na siku ambazo hukuuza. Sisi tulipiga hesabu ya dripu nane kwa nauli ya watu wawili, na ndipo tukajua cha kuwaomba ndugu. Ukisema "tusaidieni" utapewa dua. Ukisema "twahitaji nauli ya mara nane" kila mmoja atachukua mara moja.

Kuutayarisha mwili

Kabla ya dripu hupimwa damu: chembe nyeupe, nyekundu, figo na ini. Hupimwa hepatitisi B, kwa sababu kemo yaweza kuuamsha ugonjwa huo uliolala. Hupimwa ujauzito kwa mwenye umri wa kuzaa. Na hupigwa picha ya moyo iitwayo eko, maana moja ya dawa zinazotumika sana, doksorubisini, yaweza kuudhoofisha moyo. Dawa hiyo ni nyekundu kama sharubati ya ukwaju wa kutiwa rangi, na mkojo hutoka mwekundu siku moja au mbili. Aliyeambiwa mapema hashtuki. Uzito na urefu hupimwa pia, na vipimo hivyo ndivyo vinavyotumika kukokotoa kiasi cha dawa. Vua viatu na uweke mkoba chini, usitiwe dozi ya mkoba.

Nenda kwa daktari wa meno. Hili hakuna aliyetuambia mapema. Jino bovu ambalo limekuvumilia miaka laweza kuwa mlango wa maambukizi chembe nyeupe zikishuka, na kung'oa jino katikati ya kemo ni shida. Mdogo wangu alikuwa na moja, likatolewa siku ya 40.

Mkono wa upande uliopasuliwa wataka uangalizi wake. Tezi za kwapani zikitoka, maji ya mwili hupata taabu kurudi na mkono waweza kuvimba, wakati mwingine baada ya miaka. Mwambie kila muuguzi atumie mkono wa pili kwa sindano na kwa kipimo cha presha. Fanya mazoezi uliyoonyeshwa. La kwetu lilikuwa kusimama karibu na ukuta na kuupandisha mkono taratibu kwa vidole, kama buibui, na kuweka alama ya chaki pale ulipofika. Watoto walilipenda zoezi hilo kuliko mama yao. Kukanda unga wa kilo nne kulisimama. Shemeji, mtu wa machimbo, alijifunza kukanda, na nasema kwa haki kwamba mahamri yake hayakuumuka vizuri hadi wiki ya pili.

Ukitumia mkono mmoja tu kwa sindano, mishipa yake huchoka. Kunywa maji ya kutosha siku moja kabla, na ufike na mkono wenye joto. Na kwa dada zetu wa Pwani: msiende na hina nyeusi vidoleni. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kusoma hewa ya damu chaweza kushindwa, na wauguzi wataka kuona rangi ya kucha.

Mambo ya faragha nayo yasemwe. Mimba haitakiwi wakati wa kemo, na sindano au vidonge vya homoni vya kupanga uzazi huwa havifai kwa saratani hii, kwa hivyo ulizeni njia nyingine. Anayenyonyesha ataacha. Anayetamani mtoto baadaye amwambie daktari kabla ya dripu ya kwanza, si baada.

Nyumba ya ploti

Miongozo mingi imeandikwa kana kwamba kila mgonjwa ana choo chake. Ploti ya mdogo wangu ina vyumba kumi na vyoo viwili vya shimo. Saratani haiambukizi, na watoto wapakatwe na kukumbatiwa kama kawaida. Lakini dawa yenyewe hutoka kwa mkojo, kinyesi na matapishi kwa saa 48 hivi baada ya dripu, na si vizuri mtu mwingine aiguse. Tulinunua ndoo yenye kifuniko iwe yake siku hizo mbili, ikimwagwa chooni polepole bila kurusha matone na kuoshwa na mtu mwenye glavu. Shuka lililotapikiwa hufuliwa peke yake kwa glavu. Mwenye mimba asifanye kazi hizo. Na kwa mume na mke, mpira utumike siku hizo za mwanzo.

Maji ya visima vya huko yana chumvichumvi, na ya mitungi huwezi kujua yametekwa wapi. Ya kunywa yachemshwe yote. Vivyo hivyo maziwa mabichi yanayoletwa na kina mama wa Kimaasai, matamu kweli kweli, lakini yachemke kwanza. Kachumbari isubiri, mayai yaive hadi ndani. Vumbi la mawe na la barabara ni la kufunikia pua. Harufu ya mafuta ya kukaangia ndiyo iliyotutia wasiwasi, kwa vile kichefuchefu huchochewa na harufu, kwa hivyo jiko la biashara lilihamishiwa kwa jirani mmoja Mkamba ambaye sasa yuauza na kugawana faida.

Chombo muhimu kuliko vyote tulivyonunua ni kipimajoto. Kuanzia siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dripu, chembe nyeupe huwa chini kabisa, na homa ndogo yaweza kuua ndani ya siku moja. Joto likifika 38 au zaidi, au ukitetemeka kwa baridi, ni kwenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe adhuhuri au saa tisa za usiku. Usimeze panadol kwanza, maana itaificha homa na ugonjwa ubaki. Nenda ya karibu, kwetu ilikuwa Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kitengela, ukiwa na barua ya daktari wako inayosema kwamba uko kwenye kemo, kwa sababu yule kijana wa zamu hawezi kuliona hilo usoni mwako. Mgonjwa kama huyo hustahili kupimwa damu na kuanzishiwa dawa ya mshipa haraka, si kupewa vidonge arudi nyumbani. Namba ya mwenye teksi wa usiku tuliiandika ukutani, tukamlipa kidogo kabla ili asizime simu.

Dawa za nyumbani, nywele na saumu

Mamangu alimtumia habasoda, unga wa mwarobaini na asali kwenye basi. Asali kwenye uji haina neno. Mengine tuliyaweka kando hadi tumuulize daktari, kwa sababu baadhi ya miti huingiliana na kemo au kulisumbua ini. Mama alikasirika kidogo: dawa za Wazungu kemikali, za Mungu ndizo mwazikataa? Nikamweleza kwamba paklitakseli, mojawapo ya dawa kuu za saratani ya matiti, iligunduliwa kwenye gamba la mti wa huko Marekani, na doksorubisini yatokana na kijidudu cha udongo kilichookotwa karibu na ngome ya kale nchini Italia. Hizo nazo ni za Mungu, tofauti ni kwamba zimepimwa. Alisema "haya" ile ya mtu asiyekubali, lakini dua hakuacha, nasi hatukutaka aache.

Nywele hudondoka wiki mbili au tatu baada ya dripu ya kwanza, na aghalabu hurudi kemo ikiisha. Mwanamke wa hijabu ana sitara ambayo wengine wainunua, ila nyumbani huivua, na watoto wataona. Mdogo wangu aliwaambia wanawe mapema na kumruhusu wa mwisho ashike mkasi. Nunua kilemba cha pamba laini, kwani kichwa hupata baridi, na Kitengela ya Julai si Mombasa.

Kuhusu Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa ya wazi katika Kurani kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kuweza hulisha maskini. Kemo yataka maji mengi, na kujilazimisha funga si uchaji zaidi. Mwenye kidonda kisichotakiwa kuloa ana tayamamu, na imamu wa mtaani atakueleza namna yake.

Mwenye sukari aseme, kwa sababu dawa za kuzuia mzio na kichefuchefu zinazotangulia dripu huwa na steroidi, nayo huipandisha sukari.

Siku yenyewe

Mpango wake ulikuwa dripu nane, moja kila siku 21: nne za doksorubisini pamoja na siklofosfamidi, kisha nne za paklitakseli. Damu hupimwa kabla ya kila moja, na chembe zikiwa chini huahirishwa hadi ziinuke. Hilo hutokea kwa wengi, usilie.

Tuliondoka Kware saa kumi na moja za alfajiri. Kwenye mkapu: faili, leso mbili, sweta lenye mikono mipana, chupa ya maji, mkate mkavu, tangawizi ya kutafuna, chaja ya simu. Alikuwa amekula uji, si tumbo tupu. Muuguzi alimwambia jambo moja ambalo nawaambia nanyi: ukisikia kuwaka moto pale sindano ilipoingia, sema papo hapo, usione haya, kwa sababu dawa ile ikimwagika nje ya mshipa huichoma nyama. Dripu yenyewe ilichukua saa mbili na ushei. Foleni ilichukua saa sita.

Tuliporudi alilala hadi magharibi, akaamka, akauliza kama mahamri yameuzwa. Shemeji akaitazama kalenda. Ilikuwa siku ya 61. Mimi niliondoka siku ya kumi baada ya dripu, nikakiacha kipimajoto kimefungwa kwa uzi kwenye msumari karibu na ile namba ya teksi, mahali ambapo hata mtoto angeweza kukifikia.